Chakula cha paka kisomwe nyuma ya mfuko, kisinunuliwe kwa picha wala kwa bei ya kilo

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona dogo, nalo ni chakula cha paka tunaowafuga majumbani hapa Mombasa. Chakula hiki, ambacho zamani kilipatikana katika maduka makubwa tu, sasa kinauzwa hata katika maduka ya mitaani, na wapo wauzaji wanaokipima kwa robo kilo kutoka katika gunia lililo wazi. Pamoja na kuenea huko kumezuka maoni mawili ambayo huyasikia barazani na sokoni. Wapo wasemao kwamba paka wa Pwani ni mla samaki tangu na tangu, hivyo dagaa na wali vinamtosha, na anayemnunulia chakula cha mfuko anachezea pesa. Wapo pia wasemao kwamba chakula kizuri ni kile cha bei ya juu, na kwamba asiyekimudu heri asifuge. Nilifundisha sayansi kimu hadi nilipostaafu, na ninafuga paka, na naona maoni yote mawili yana kasoro ile ile: yanahukumu chakula bila kutazama kilichomo ndani yake. Ninavyoamini mimi, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kumlisha paka wake vizuri sana, mradi asome maandishi ya nyuma ya mfuko, apige hesabu ya siku badala ya hesabu ya kilo, na akatae kununua kitu asichojua kimetoka wapi wala kitaharibika lini.

Nianze na paka wa zamani, kwa sababu ndiye anayetolewa mfano kila mara. Ni kweli kwamba bibi zetu wa Mji wa Kale hawakununua chakula cha mfuko, na paka wao walizeeka. Linalosahauliwa ni kwamba paka yule hakuwa akila chakula chetu peke yake. Alipewa wali wa mchuzi mchana, na usiku akashuka vichochoroni akajitafutia panya, mijusi, ndege na panzi. Panya mzima, pamoja na mifupa yake midogo, ini, moyo na matumbo, ni mlo uliomkamilikia paka kuliko chochote tunachoweza kumpikia jikoni. Wali wetu ulikuwa nyongeza tu. Leo paka wengi wa mji huu wanaishi magorofani, Tudor, Kizingo au Bamburi, milango imefungwa na madirisha yana nyavu, na mnyama huyo hali ila kile anachowekewa sahanini. Sisi Waislamu tuliolelewa hapa tumeisikia tangu chuo cha Kurani habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie katika viumbe vya ardhini. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayowahusu zaidi watu wa magorofani: ukishamzuia paka kutoka, upungufu wowote wa sahani yake uko juu yako.

Na upungufu huo si wa kubuni. Mwili wa paka unategemea nyama kwa namna ambayo mwili wa mbwa hautegemei, sembuse wa binadamu. Sisi tunakula karoti na mwili ukaibadilisha rangi yake kuwa vitamini A. Paka hawezi kufanya hivyo, lazima aipate vitamini hiyo ikiwa tayari imeshatengenezwa katika ini, mayai au mafuta ya mnyama mwingine. Anahitaji pia taurini, kitu kilichomo katika nyama na samaki, ambacho mwili wake haukitengenezi kwa kiasi cha kumtosha. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walibaini kwamba paka akiikosa taurini kwa muda mrefu huharibika sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, hata akapofuka. Mwaka 1987 daktari wa mifugo Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba upungufu huo huo hulegeza na kupanua misuli ya moyo. La kuzingatiwa ni kwamba paka waliougua moyo kwa njia hiyo hawakuwa wakilishwa mabaki. Walikuwa wakila chakula cha viwandani kilichouzwa kwa imani kwamba kimekamilika. Watengenezaji wakaongeza taurini, na ugonjwa ule ukapungua sana. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaodhani kwamba kila kilichofungwa kiwandani ni salama, wala wanaodhani kwamba kulisha paka ni kazi isiyohitaji elimu.

Sasa nije kwa samaki, maana hapa ndipo watu wa Pwani tunapojiona hatuhitaji kufundishwa. Samaki ni chakula kizuri kwa paka, na kimarawali au dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa ni kitoweo cha bei nafuu ambacho sikidharau hata kidogo. Tatizo huanza samaki anapokuwa chakula cha pekee, kila siku, mwaka mzima. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunjavunja thiamini, yaani vitamini B1, na paka anayelishwa samaki hao bila kupikwa huanza kwa kukataa chakula, kisha huyumbayumba, shingo ikainama, na mwisho akapata degedege. Moto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo tiba ya jambo hili ni sufuria. Samaki wenye mafuta mengi, jodari akiwa mmojawapo, wana tatizo jingine ambalo sufuria haliliondoi: wakizidi katika mlo na vitamini E ikawa haba, mafuta yaliyo chini ya ngozi ya paka huvimba, yakawa magumu na ya manjano, na mnyama hulia ukimgusa tu. Minofu iliyotolewa miiba haina kalsiamu ya kutosha. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi mno, na kuwalowesha usiku mmoja hakuiondoi yote. Na hata mwenye kuwachemsha samaki ipasavyo mara nyingi humwaga yale maji, ilhali sehemu ya taurini imeyeyukia humo. Maji hayo yakishapoa apewe paka pamoja na samaki wenyewe, ikiwa hayakutiwa chumvi wala kiungo.

Isitoshe, hoja ya kwamba samaki ni rahisi inategemea umeuliza bei mwezi gani. Kaskazi inapovuma na bahari imetulia, wavuvi hurudi na vibua na tafi kwa wingi, na mtu anaweza kupata samaki wa paka karibu na bure. Kusi likianza na bahari ikachafuka, hao hao dagaa hupanda bei hadi mama mwenye nyumba akafikiria mara mbili hata kuwapikia wanawe. Mwenye kupanga chakula cha mwaka asipige hesabu ya Januari peke yake.

Kuhusu mabaki ya mezani nitasema jambo moja kwa mkazo, kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa zinalifanya kwa wema kabisa. Mchuzi wetu haupikwi bila kitunguu maji na thomu, na vyote viwili ni sumu kwa paka, vikiwa vibichi au vimepikwa. Huharibu chembe nyekundu za damu, na paka ni dhaifu kwa sumu hii kuliko mbwa: takriban gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinaweza kutosha kumdhuru. Paka wa kilo 3, basi, anaweza kudhurika kwa gramu 15, ambacho ni kipande tu cha kitunguu kilichokwisha kuyeyukia katika mchuzi wa nazi, hata mtu asikione. Ufizi wake hupauka, hupumua kwa kasi, hulala muda mwingi kuliko kawaida, na wenye nyumba husema amezeeka. Wali wenyewe hauna sumu, lakini paka hana haja nao. Hujaza tumbo na kuacha nafasi ndogo ya nyama. Maziwa nayo, ambayo kila kitabu cha watoto humchora paka akiyanywa, huwaharisha paka wengi wakubwa, kwa sababu wakishaacha kunyonya mwili wao hupunguza uwezo wa kuisaga sukari iliyomo. Anayetaka kumpa paka wake kinywaji ampe maji safi.

Wapo wanaonunua moyo wa ng'ombe, firigisi na vichwa vya kuku sokoni Kongowea au Marikiti, wakawachemshia paka wao. Hawa nawaheshimu, kwa sababu moyo una taurini nyingi na bei yake ni nafuu kuliko nyama ya kawaida. Hata hivyo, nyama bila mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa paka anayelishwa nyama tupu huishia na mifupa laini inayovunjika kwa kuruka tu kutoka kitini. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka kwa ncha kali, haifai kuachwa sahanini. Ini ni zuri likiwa dogo, mara moja moja. Likiwa chakula cha kila siku, vitamini A hurundikana mwilini na mifupa ya shingo huota vinundu hadi paka akashindwa kujilamba mgongo. Chakula cha nyumbani kilichosawazishwa kinawezekana, lakini kinahitaji mizani, unga wa kalsiamu, nyongeza ya taurini na maelekezo ya daktari wa mifugo, na kwa mtu mwenye shughuli zake gharama yake mara nyingi huishia kuwa kubwa kuliko ya mfuko wa kawaida. Kwa sababu hiyo nimeona ni busara msingi wa mlo uwe chakula kamili cha kiwandani, na samaki au moyo wa kuchemsha viwe nyongeza isiyozidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Swali ni mfuko upi. Picha ya paka mwenye manyoya marefu na ya samaki anayeruka haikuambii lolote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chakula kinachotangazwa kuwa kina jodari chaweza kuwa na asilimia 4 tu ya jodari, na kwa kanuni zinazofuatwa Marekani kiwango cha tangazo kama hilo ni asilimia 3. Kikitangazwa kuwa na ladha ya jodari, kiasi chenyewe hakijawekewa kiwango, mradi ladha ipatikane. Geuza mfuko. Kitu cha kwanza kutafutwa ni sentensi inayosema kwamba hiki ni chakula kamili kilichosawazishwa, na ni kwa paka wa umri gani: anayekua, mjamzito na mwenye kunyonyesha, au mkubwa. Mara nyingi sentensi hiyo hutaja viwango vya AAFCO, ambacho ni chama cha maafisa wanaosimamia vyakula vya mifugo Marekani, au vya FEDIAF, shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani barani Ulaya. Mfuko au kopo likisema ni chakula cha nyongeza, hicho ni kitoweo, hata kiwe ghali namna gani. Na makopo mengi mazuri ya jodari mweupe, ambayo paka huyapenda kupita kiasi, yamo katika kundi hili.

Pili ni orodha ya vilivyomo, ambayo hupangwa kwa uzito kuanzia kilicho kingi. Kuku, samaki, au unga wa nyama na wa samaki vikitangulia, ni dalili njema. Mahindi, ngano na soya vikishika nafasi tatu za mwanzo, sehemu kubwa ya protini inayotajwa imetoka shambani, si machinjioni. Sisemi kwamba nafaka ni haramu kwa paka. Nafaka iliyopikwa vizuri huisaga kwa kiasi, na mifuko inayojisifu kwamba haina nafaka mara nyingi imewekwa mbaazi au viazi mahali pake na kuongezewa bei. Wala tusiogope mfuko unaotaja viungo vya ndani vya mnyama. Ini, bandama na figo ni katika sehemu bora ambazo paka angezila mwenyewe akimkamata panya, na ni sisi wanadamu tunaozihesabu kuwa duni.

Tatu ni kiasi cha protini, na hapa wengi hudanganyika kwa sababu ya maji. Kopo likiandikwa protini asilimia 8 na mfuko wa chakula kikavu ukaandikwa asilimia 30, mnunuzi hudhani kopo ni maji matupu. Toa maji kwanza. Kopo lenye maji asilimia 82 limebakiwa na asilimia 18 za chakula, na 8 katika 18 ni kama asilimia 44. Mfuko wenye maji asilimia 10 umebakiwa na 90, na 30 katika 90 ni kama asilimia 33. Viwango vya AAFCO, maji yakishatolewa, vinataka protini isiyopungua asilimia 26 kwa paka mkubwa na asilimia 30 kwa anayekua au mjamzito. Kwa mbwa mkubwa kiwango hicho ni asilimia 18 tu, na watengenezaji hawalazimiki kutia taurini. Kwa hiyo wale wanaonunua chakula cha mbwa kwa kuwa ni rahisi, wakawalisha paka wao miezi na miezi, wanapunguza gharama mahali pasipofaa.

Baada ya hayo ndipo ije bei, na bei isomwe pamoja na jedwali la kiasi cha kulisha lililo mgongoni mwa mfuko. Tuseme mfuko mmoja ni shilingi 600 kwa kilo, na jedwali lake linataka paka wa kilo 4 apewe gramu 70 kwa siku. Hizo ni shilingi 42. Mfuko wa pili ni shilingi 750 kwa kilo, lakini kwa kuwa una nguvu zaidi unataka gramu 55. Hizo ni shilingi 41 na senti kidogo. Ule wa shilingi 750 ndio rahisi, na pengine paka atatoa kinyesi kidogo na mchanga wa choo chake utakaa zaidi. Vipakiti vya chakula laini vya gramu 85 ni kinyume chake: paka mkubwa anaweza kuhitaji hadi vitatu kwa siku, na nyumba nyingi haziwezi kuendelea hivyo mwezi mzima. Mimi hutumia chakula kikavu kilicho kamili, nikakipima kwa kikombe kimoja kisichobadilika nilichokihakikisha kwa mizani, na mara kadhaa kwa juma nikaongeza samaki wa kuchemsha na maji yake. Kikombe hicho kina faida nyingine, maana paka aliyehasiwa huhitaji chakula kidogo kuliko alivyokuwa akila zamani, na paka mnene wa gorofani yuko hatarini kupata kisukari.

Wale wa maoni ya pili, wanaopima ubora kwa ughali, nawakumbusha yaliyotokea Amerika Kaskazini mwezi Machi 2007. Ngano iliyosindikwa kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili kipimo cha protini kionekane kikubwa. Paka na mbwa wengi wakafa kwa figo. Chakula kilipoondolewa madukani ikaonekana kwamba majina mengi ya biashara, ya bei ya juu na ya bei ya chini, yalitoka katika viwanda vya mtengenezaji mmoja na kwa malighafi moja. Aliyelipa mara mbili hakuwa amenunua usalama wowote wa ziada.

Hapo ndipo ninapofikia jambo lililonifanya niandike, yaani chakula cha kupimwa kutoka gunia lililo wazi. Najua kwa nini kinapendwa: anayelipwa kwa siku hawezi kununua mfuko wa kilo 10, na muuzaji anayepima robo kilo anamsaidia. Sitaki biashara hii ikomeshwe. Lakini chakula kikavu cha paka kina mafuta yaliyopuliziwa juu ya punje, na katika hewa ya joto na unyevu kama yetu mafuta hayo huchacha upesi, vitamini zikapotea, na punje zikanywea unyevu mpaka zikaota kuvu. Nchi hii inaijua sumu ya kuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini, katika maeneo ya Ukambani, na chakula cha wanyama kilichotengenezwa kwa mahindi hakina kinga ya pekee. Mnunuzi wa robo kilo hupewa karatasi isiyo na jina la chakula, isiyo na tarehe, isiyosema kama ni cha paka au cha mbwa. Yote niliyoyaeleza hapo juu kuhusu kusoma nyuma ya mfuko hayamfai kitu, na yeye ndiye mwenye pesa chache za kupoteza kwa daktari.

Ombi langu kwa wauzaji ni jepesi. Gunia likifunguliwa, litiwe katika pipa lenye mfuniko. Maandishi ya gunia hilo, pamoja na tarehe ya mwisho ya matumizi, yakatwe na kubandikwa juu ya pipa. Gunia jipya lisimwagwe juu ya masalio ya la zamani. Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) na maafisa wa mifugo wa Kaunti ya Mombasa wanaweza kulisimamia hilo bila kumfungia mtu duka. Na waagizaji wakifunga chakula katika vipakiti vya robo na nusu kilo vyenye maelezo kwa Kiswahili, naamini watapata wateja wengi kuliko wanavyodhani. Nyumbani nako, chakula kibaki katika mfuko wake wa asili, uliokunjwa mdomo na kutiwa ndani ya debe lenye kifuniko, mbali na jiko na mende. Kikitoa harufu ya mafuta ya zamani, kitupwe, hata kama paka bado anakila.

Kuna suala ambalo wauzaji hulikwepa na wateja Waislamu huliuliza kwa sauti ya chini. Baadhi ya mifuko na makopo yanayotoka nje hutaja nyama na mazao ya wanyama bila kusema ni wanyama gani, na nguruwe anaweza kuwa mmoja wao. Mimi si shehe, na hukumu ya kumlisha mnyama kitu ambacho mwenyewe hukili waulizwe wenye elimu. Lakini anayeona tabu kukiingiza jikoni mwake ana haki ya kuchagua mfuko unaotaja kuku au samaki waziwazi, na muuzaji anayeulizwa asimcheke.

Mwisho, kwa wale watakaobadilisha chakula baada ya kusoma barua hii, wafanye hivyo taratibu kwa muda wa siku 7 hadi 10, wakiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Wasifuate ushauri wa kumnyima paka mpaka njaa imlazimishe. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa katika ini lake na anaweza kufa. Anayekula chakula kikavu awe na maji katika zaidi ya bakuli moja, kwa sababu hali ya kiu ya paka ni ndogo, na dume anayejikamua bila kutoa mkojo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Paka wenye maradhi ya figo sikuwagusa kwa makusudi, kwa kuwa chakula chao kinahitaji vipimo vya damu kabla ya hesabu yoyote ya bei, na ningefurahi kama daktari wa mifugo anayehudumu hapa Mombasa angewaandikia wasomaji wako kuhusu hao.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Kuze, Mji wa Kale, Mombasa